Kuwasha ni Kazi ya Mwisho
Hotuba kwa mafundi na wenye magari ya zamani, Tanga

Asalaam aleikum. Wazee wetu, shikamooni. Mafundi wenzetu, habari za kazi. Na nyinyi mliotoka Muheza, Pangani na Korogwe, karibuni Tanga.

Tumeombwa tuzungumzie jambo moja: mtu amenunua gari la spoti la zamani, limelala bandani miaka kumi au ishirini, na sasa anataka litembee barabarani. Tunachokiamini tutakisema mapema, ili hata anayewahi kuondoka aondoke nacho. Gari la namna hii mara nyingi haliuawi na miaka liliyolala. Linauawa na saa ya kwanza baada ya kununuliwa. Betri mpya inafungwa, petroli inamiminwa juu ya ile ya zamani, ufunguo unazungushwa, watoto wanashangilia. Dakika tano hazijaisha, ringi za pistoni zimevunjika, au kutu ya tanki imejaa kwenye kabureta, au injini imewaka vizuri kabisa na gari halina breki. Kuwasha ni kazi ya mwisho. Leo tutazipitia zinazotangulia, na kwa nini kila moja imekaa mahali pake.

Mfano wetu ni Datsun 240Z. Liliundwa Japani kati ya 1969 na 1973, yapo yenye usukani wa kulia, na Afrika Mashariki si geni kwake: lilishinda mbio za East African Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Kuna sababu nyingine inayomhusu fundi moja kwa moja. Injini yake, L24 ya silinda sita na cc 2393, ni ndugu wa damu wa L16 iliyofungwa kwenye Datsun 1600. Tundu la silinda ni 83 mm na mwendo wa pistoni ni 73.7 mm kwa zote mbili. L24 ni L16 iliyoongezewa silinda mbili, basi. Fundi aliyewahi kufungua zile Datsun za milango minne akifunua boneti hii hatakuwa mgeni. Mwenye MGB, Triumph au Escort naye asiinuke. Vipimo vitabadilika, mpangilio wa kazi ni huu huu.

Karatasi tuzimalize haraka. Kabla ya kutoa hela, soma namba ya chesisi kwenye gari lenyewe, si kwenye picha. Kwenye 240Z imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, na gari la usukani wa kulia huanza na HS30. Namba ya injini iko kwenye bloku, upande wa plagi, kwa nyuma. Zote zilingane na kadi ya gari. Zisipolingana, usianze kazi yoyote mpaka muuzaji amelimaliza suala hilo TRA, maana ukishachomelea na kupaka rangi gari ambalo haliwezi kuhamishwa jina, hela imezama.

Sasa tuingie chini ya gari. Liinue kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi za chuma. Matofali ya saruji hapana. Tofali hubeba uzito kimya, halafu hupasuka lote kwa pigo moja, na mtu aliye chini hapati hata nafasi ya kugeuza shingo.

Hapa Tanga adui wa bati tunamjua. Upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu usiku, na unyevu wenye chumvi unaendelea kula bati hata siku ambazo mvua haijanyesha. Ndiyo maana gari lililolala Raskazone kando ya bahari na lililolala Korogwe kule bara hayafanani hata kama yana umri mmoja. Chukua bisibisi butu na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna pati, ule udongo wa kujazia bodi. Bisibisi ikizama, hakuna bati. Kwenye 240Z anza chini ya betri, ambako asidi imedondoka kwa miaka. Fuata miguu ya chesisi inayopita chini ya sakafu, kisha sakafu yenyewe ukiwa umeondoa zulia na ile lami ya kuzuia kelele. Nenda kwenye kona ya bati iliyo mbele ya gurudumu la nyuma, mahali penye mikunjo mingi panapotunza matope, halafu ndani ya mabawa ya mbele, nyuma ya gurudumu. Malizia chini ya mlango wa nyuma, mpira wake unapokalia. Na hapo mbele ya kioo, kwenye nafasi inayoingiza hewa, kuna vitundu vya kutolea maji. Majani yakiviziba, maji ya masika hukaa humo na kula bati kwa ndani, na dalili ya kwanza utakayoiona ni zulia lililolowa.

Miguu ya chesisi ikiwa imeoza, gari halitembei, hata kama rangi inang'aa. Kata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa likisuguliwa. Usichomelee kiraka juu ya kutu, kwa sababu kutu iliyofungiwa katikati ya bati mbili itaendelea na kazi bila kuonekana. Kwa sakafu tumia bati la 1 mm mpaka 1.2 mm. Welding ya vijiti inatoboa bati jembamba, na moto wa gesi unalikunja. Mashine ya MIG yenye waya wa 0.6 mm ndiyo inayofaa. Piga vidoti, ruka upande huu na ule, acha bati lipoe, usivute mstari mmoja mrefu. Betri iwe nje ya gari na tanki liwe nje ya gari. Mara kwa mara mtu hutoa betri akasahau tanki. Baada ya hapo praima yenye zinki, silanti kwenye maungio, na nta ya kupuliza ndani ya kila uwazi uliofungwa. Pati ni ya kulainisha michubuko ya milimita moja au mbili. Haizibi tundu.

Breki sasa, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana hatutapita haraka.

Tunaanza na breki kabla ya injini kwa sababu rahisi: injini ikishawaka hakuna mtu anayeweza kujizuia kulisogeza gari, hata kwa hatua mbili tu uani. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230. Ikishajaa maji inaweza kushuka mpaka kama 155. Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kushuka kutoka Amani, mafuta yenye maji yanachemka, yanageuka mvuke, pedali inazama mpaka chini. Na kabla ya siku hiyo, maji hayo hayo yamekaa miaka mingi ndani ya masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, na kwenye silinda za magurudumu, yakichimba vishimo.

Kwa hiyo usiongeze mafuta mapya ukaona yatosha. Fungua vyote. 240Z ina diski mbele na ngoma nyuma, na masta silinda yenye vyumba viwili. Toa pistoni za kalipa, ile inayobana diski, kwa presha ya hewa, ukiwa umeweka kipande cha mbao katikati ili zisiruke zikakuvunja vidole. Pistoni yenye vishimo pale inapopita sili haifai kusuguliwa, badilisha. Tundu la masta silinda lenye alama nyepesi linaweza kusafishwa kwa honi (kifaa cha kusugua tundu kwa mawe laini), lakini kama kucha inanasa, silinda ni ya kutupa. Sili na mipira viwe vipya vyote, hata vile vinavyoonekana vizima.

Kuna kosa moja ambalo gereji zetu nyingi bado zinalifanya, na tunalisema kwa uchungu kwa sababu linaua: kuosha vipuri vya breki kwa petroli au dizeli, na kupaka sili grisi ya kawaida au oili ya injini. Mpira wa breki umetengenezwa kuishi ndani ya mafuta ya breki. Ukikutana na mafuta ya petroli ya aina yoyote unavimba, unalainika, na baada ya siku chache pistoni inakwama. Osha kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe, na unapounganisha paka mafuta ya breki mapya. Hakuna kingine.

Mabomba ya mpira yanayokwenda kwenye magurudumu yabadilishwe bila mjadala. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani: nje unaonekana mzima, lakini mguu unasukuma mafuta yapite na hakuna nguvu ya kuyarudisha. Breki inashika na haiachii, gurudumu linapata moto, na fundi anahangaika na kalipa mpya wakati kosa liko kwenye bomba. Mabomba ya chuma yenye kutu yabadilishwe kwa yale ya shaba iliyochanganywa na nikeli, unene wa nje 4.75 mm. Hapa pwani hayana mpinzani. Mdomo wa bomba ukunjwe mara mbili kwa kifaa chake. Mdomo uliokunjwa mara moja utashika siku ya kwanza, na utapasuka siku utakapobana breki kwa nguvu.

Kabla ya kugusa ngoma za nyuma, jueni kwamba viatu vya breki vya miaka ile vina asbesto. Usipulize vumbi lake kwa kompresa. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kitie kwenye mfuko na ufunge. Hatari yake kwa mapafu haionekani leo wala kesho.

Kutoa hewa, anza kwenye masta silinda, kisha magurudumu ya nyuma, umalizie mbele. Lita moja ya DOT 4 inatosha na kubaki. Kopo likishafunguliwa likakaa mwezi mzima wa masika kwenye rafu, usilitumie tena. Sheria ya kawaida ni kubadilisha mafuta ya breki kila miaka miwili. Kwa unyevu wetu sisi tunapendekeza kila mwaka. Klachi nayo inatumia mafuta hayo hayo na inaharibika kwa njia hiyo hiyo, basi fanyeni zote kwa pamoja.

Tanki. Petroli iliyolala inapoteza sehemu zake nyepesi, inabaki nzito yenye harufu kama ya vanishi, na ndani ya kabureta inakauka kuwa gundi ya rangi ya kahawia. Tanki la 240Z linabeba lita 60, na sehemu iliyokuwa tupu ndiyo iliyopata kutu. Limimine, lishushe, chungulia kwa tochi ya betri. Kutu nyepesi huondoka ukitia kokoto safi au kipande cha mnyororo pamoja na maji ya sabuni ukatikisa kwa subira, upande baada ya upande. Kutu nzito inahitaji asidi ya fosforasi au ya limao iliyochanganywa na maji, ikae usiku mzima, kisha magadi soda kuua asidi, maji mengi, na kukausha siku hiyo hiyo kwa hewa ya moto ya mashine, isiyo na mwali wala waya unaowaka wazi. Ukiliacha na unyevu, asubuhi lina kutu mpya ya rangi ya chungwa. Tanki lililotoboka lisichomelewe kwa sababu tu linaonekana kavu. Mvuke wa petroli hujificha kwenye mikunjo na maungio miezi mingi, na tanki tupu ndilo linalolipuka. Mpelekee fundi mwenye utaratibu wa kulijaza maji au gesi isiyowaka, au tafuta jingine. Mipira yote ya mafuta iwe mipya, ikiwemo ile ya kupumulia inayojificha nyuma ya plastiki za ndani, maana hiyo ndiyo inayoleta harufu ya petroli kwenye kiti cha dereva.

Injini, hatimaye. Toa plagi zote sita. Mimina kwenye kila silinda kama mililita 15 za oili nyepesi; wengi wetu tunatumia ya giaboksi ya otomatiki iliyochanganywa na mafuta ya taa nusu kwa nusu. Iache siku nzima, na kama gari limelala zaidi ya miaka kumi, iache siku tatu. Wakati inaloweka, fungua kifuniko cha juu. Kuna valvu 12, na kila moja ina mkono wake. Mimina oili safi juu ya kamshafti, shafti inayozisukuma valvu, na kwenye mikono yote, kwa sababu oili iliyokuwepo ilishadondoka chini zamani na chuma kimekaa juu ya chuma.

Kisha weka soketi kwenye boliti ya puli ya mbele na zungusha kwa mkono, mwelekeo wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Polepole. Msaidizi aangalie valvu: kila moja ishuke na irudi. Ikishuka isirudi, simama hapo hapo. Imekwama kwenye gaidi yake (bomba linaloiongoza), na ukiendelea pistoni inaweza kuja kuipinda. Igonge kidogo kwa kipande cha mbao, oili zaidi, rudia. Injini ikikataa kabisa kuzunguka usiongeze urefu wa bomba kwenye spana, wala usiingize gia ya nne mkalisukuma. Ringi zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu, na nguvu itazivunja. Loweka tena, jaribu milimita chache mbele, milimita chache nyuma. Wiki nzima ikipita hivyo, ni wiki iliyotumika vizuri. Ikishindikana, silinda hedi ifunguliwe.

Ikishazunguka huru mizunguko miwili mizima, mwaga oili ya zamani, badilisha filta, tia oili mpya ya 20W-50, kati ya lita 4 na nusu na 5, ukithibitisha kwa kijiti chake. Tafuta oili yenye zinki ya kutosha. Mikono ya valvu za L24 inasuguana moja kwa moja na kamshafti, haina rola, na oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguzwa zinki ili kulinda mitambo ya kusafisha moshi. Wakati kifuniko kiko wazi pima tapeti, yaani nafasi kwenye mikono ya valvu: injini ikiwa baridi, valvu za kuingiza 0.20 mm, za kutoa moshi 0.25 mm. Tapeti iliyobana inakaa kimya na kuunguza valvu. Ile inayopiga kelele kidogo ni afadhali.

Maji ya rejeta. Bloku ni chuma na hedi ni alumini, na maji matupu kati ya metali hizo mbili hufanya kazi kama betri: alumini ndiyo inayoliwa. Watu husema Tanga hakuna barafu, kulanti ya nini? Kulanti haipo kwa ajili ya barafu peke yake. Ina dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi au ya mvua yaliyokingwa safi. Visima vyetu vya mwambao vimechimbwa kwenye mawe ya chokaa, na chokaa hiyo hiyo itajenga ukuta ndani ya rejeta.

Na thamostati, tafadhalini, irudishwe. Mazoea ya kuitoa "kwa sababu huku kuna joto" yanaharibu injini. Bila thamostati injini inachelewa kupata moto, petroli isiyowaka inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinakwisha. Ya kawaida ya L24 hufunguka nyuzi 82, na ile ya nchi za joto 76.5. Itumbukize kwenye sufuria yenye maji na kipimajoto uone inapofunguka kabla hujaifunga. Kifuniko cha rejeta kiwe cha presha ya 0.9 kg/cm², sili yake ikichoka maji yanachemka mapema, na lawama zote zinaangukia gasketi ya hedi.

Umeme hautachukua muda mrefu, ila unachoma magari. Kabla ya kufunga betri, unganisha balbu ya wati 21 kati ya nguzo hasi ya betri na kebo yake, swichi zote zikiwa zimezimwa na milango imefungwa. Balbu ikiwaka, kuna waya unaogusa bodi mahali fulani; chomoa fyuzi moja moja mpaka izimike, hapo umeupata mkondo wenye kosa. Saa ya dashibodi inakula umeme kidogo sana, haitoshi kuwasha balbu hiyo. Safisha athi zote, yaani viungo vya kurudishia umeme kupitia bodi, mpaka chuma king'ae: betri kwenye bodi, bodi kwenye injini. Nusu ya matatizo tunayoitiwa, ya taa hafifu, stata inayovuta kwa uchovu na geji zinazocheza, ni athi iliyoota ukungu wa kijani. 240Z ina udhaifu wake unaojulikana: umeme wote wa taa za mbele unapita kwenye swichi ya usukani na kwenye kisanduku cha fyuzi, navyo hupata moto mpaka plastiki inayeyuka. Funga rilei mbili, waya wa 2.5 mm², umeme utoke kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi yake.

Pointi za distributa zisafishwe kwa msasa laini, nafasi yake 0.5 mm, plagi 0.8 mm. Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4, na rota inazunguka kinyume cha saa. Anayezipanga waya kwa mwelekeo wa saa atapata milipuko kwenye kabureta na ataamini taiming imekufa.

Kabureta mbili za aina ya SU zifunguliwe, zioshwe, boya lipimwe. Inua pistoni ya ndani kwa kidole na uiachie: lazima ishuke yenyewe na kugonga chini kwa sauti. Isiposhuka, sindano inasugua. Tia oili nyepesi, SAE 20, kwenye kile kikombe cha juu. Bila oili hiyo injini itakohoa kila ukikanyaga. Nati ya mchanganyiko ipandishe mpaka mwisho, kisha shusha mizunguko miwili na nusu kwa zote mbili. Hapo ndipo pa kuanzia, marekebisho yatafuata injini ikiwa na moto. Ukifunga pampu ya umeme, presha isizidi psi 4, la sivyo sindano za boya zitashindwa na petroli itamwagika juu ya bomba la moshi, ambalo kwenye injini hii liko chini ya kabureta kabisa. Chombo cha kuzimia moto kiwe mkononi mwa mtu, si kwenye ukuta.

Sasa ndiyo mwasho. Bado usiwashe. Plagi zikiwa nje na waya wa koili umechomolewa, piga stata sekunde kumi, pumzika nusu dakika, rudia, mpaka sindano ya presha ya oili inyanyuke. Ikikataa baada ya mara sita, pampu ya oili imekauka au haivuti, tafuta sababu. Ikinyanyuka, rudisha plagi, na usitumie tanki kubwa bado: ning'iniza kopo la lita mbili la petroli safi lenye filta. Gari liwe nje, si bandani. Mtu mmoja akae kwenye ufunguo, mmoja macho kwenye kabureta, mmoja chini akitazama uvujaji.

Likiwaka, liache kwenye mizunguko 1,200 mpaka 1,500 kwa dakika. Presha ya oili isipoonekana ndani ya sekunde kumi, zima. Moshi mwingi wa bluu dakika kumi za kwanza ni ile oili uliyoimimina, usiogope. Moshi mweupe wenye harufu tamu usioisha ni kulanti inayoingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli nyingi. Injini ikishapata moto kamili pima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, sroto (mlango wa hewa wa kabureta) ikiwa wazi: silinda ya chini isiwe chini ya asilimia 80 ya ile ya juu. Ikiwa chini, tia kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi, isipopanda, valvu au gasketi. Usikate tamaa kwa kipimo cha siku ya kwanza, kwani ringi zilizoganda mara nyingi huachia baada ya kilomita mia mbili tatu.

Klachi ikiwa imeganda kwenye flaiwili, pasha injini moto, zima, kandamiza pedali kwa ubao mpaka asubuhi. Oili ya giaboksi iwe GL-4, kwa sababu baadhi ya GL-5 hushambulia shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazolainisha kubadili gia. GL-5 ipeleke kwenye difu. Na kabla ya kufungua nati ya kumwagia, hakikisha nati ya kujazia inafunguka. Ukishamwaga ndipo ukute ya juu imekwama, gari limefungwa hapo hapo lilipo.

Tairi tazama tarehe yake, si vinyoya vyake. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu ni wiki na mwaka: 2309 ni wiki ya 23 ya 2009. Zaidi ya miaka kumi, toa, hata kama halijawahi kugusa lami.

Bima ikishakatwa, safari ya kwanza iwe mizunguko ya mitaa, kilomita mbili, halafu rudi, gusa kila gurudumu kwa kiganja. Lenye moto kuliko mengine lina breki inayoshika au beringi mbovu. Kaza nati za magurudumu tena. Safari ya pili Pongwe. Ya tatu Muheza na kurudi. Amani isubiri mpaka gari limetimiza kilomita mia tano na oili imebadilishwa tena, maana oili ya kwanza imeosha uchafu wa miaka yote hiyo na haifai kubaki.

Likishatembea, lisirudi kulala. Kuliwasha kila Jumapili dakika tano uani ni kulidhuru: maji yanayotokana na mwako yanabaki kwenye oili na kwenye ekzosi, hayapati moto wa kuyakausha. Kila wiki liende angalau kilomita ishirini. Ukitoka nalo Pangani au popote ufukweni, osha chini kwa maji baridi siku ile ile. Usilifunike kwa turubai la nailoni, linatoa jasho kwa ndani. Shuka nzito ya pamba chini ya paa lenye hewa inatosha.

Maneno yametosha. Gari liko nje, liko juu ya stendi, plagi zimetolewa tangu juzi na silinda zimelowekwa. Vijana watatu waje mbele: mmoja ashike soketi, mmoja akae juu ya valvu, na wa tatu ahesabu mizunguko kwa sauti ili sote tusikie.